Kufa na Kufaa

Mgeni anayejifunza Kiswahili huonywa mapema kwamba kufa si kufaa. Irabu ikirefuka kidogo, mauti hugeuka manufaa. Kwetu, hata hivyo, jozi za namna hii ni chache. Katika Kiizhora, lugha iliyo jamaa ya Kifini na inayozungumzwa magharibi ya Saint Petersburg, urefu wa sauti hubeba sarufi yenyewe. *Kala* ni samaki. *Kallaa* ni samaki kiasi, si wote. Na umbo hilohilo huonyesha pia kuingia ndani yake. Wanaisimu huliita jambo hili uhusika: neno hubadili umbo kulingana na kazi yake katika sentensi.

Sensa ya Urusi ya 2010 iliwahesabu Waizhora 266 tu. Maandishi ya lugha yao yalianza shuleni mwaka 1932, Väinö Junus akachapisha sarufi mwaka 1936, na mwaka uliofuata yote yakapigwa marufuku. Junus mwenyewe aliuawa katika misako ya Stalin. Kitabu cha mtu aliyeuawa kina heshima yake, na ni vigumu kukipinga. Lakini wazee wa bonde la chini la mto Luga hufupisha irabu za mwisho. Je, kijana anayejifunza leo amfuate nani, kitabu au bibi kizee?

Wengi hujibu kwamba lugha hubadilika, basi tusisumbuane. Jibu hilo ni jepesi mno. Bibi akifupisha irabu ya *kallaa*, bado ile *l* nzito inabaki, na kwayo samaki kiasi hatengani na maana yake. Sarufi imehama chumba, haijahama nyumba. Kijana aliyezoea Kirusi, ambamo urefu wa irabu hautofautishi maneno, huenda akapoteza irabu na *l* pamoja. Kumsahihisha bibi kwa kitabu ni dhuluma. Kumwacha kijana kwa kisingizio cha bibi nako ni kumnyima urithi wake.

Mpwa wangu, aliyezaliwa huku Uingereza, husema “kitabu yangu”. Zamani nilikuwa nikimkatiza papo hapo. Siku hizi namsikiliza kwanza, nione kama ameweka mpango wake mahali pa ule alioubomoa. Mara nyingi hakuna alichoweka, nami humsahihisha, ila kwa sauti ya chini. Katika watoto wote wa nyumba ile, ni yeye peke yake anayenijibu kwa Kiswahili.