Mbao Kwanza, Gundi Baadaye

Gundi ya mbao haishiki ipasavyo juu ya gundi kuukuu. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambako kiangazi kirefu hufuatwa na miezi ya mvua, mbao za gitaa la mtumba husinyaa na kutanuka mwaka hadi mwaka, mpaka kiungio cha shingo, yaani pale ulimi wa shingo unapoingia katika tundu la kiwiliwili, kinaachia chini ya mvuto wa nyuzi sita za chuma unaokaribia kilo 70. Fundi akimimina gundi ufani, huuficha tu ubovu. Inampasa alegeze nyuzi, aichomoe shingo, akwangue mabaki mpaka mbao tupu ionekane, hata kama kazi hiyo ya kuchosha haitaonekana na mpigaji yeyote, ndipo agundishe na kubana kwa klampu.