Kumulikeni Shimo la Choo, Watu wa Mungu

Wapendwa, fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 12 hadi wa 14, wala msione haya. Waisraeli wanaamriwa watenge mahali nje ya kambi, kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, na akimaliza haja yake afukie. Kwa nini? Kwa sababu Bwana anatembea kambini! Ni lini mara ya mwisho mmesikia mstari huo ukihubiriwa? Tunauruka, kana kwamba Mungu aliteleza ulimi.

Haya, twendeni London, mwisho wa Agosti 1854. Kipindupindu kimeingia Soho. Daktari John Snow anasema ugonjwa umo ndani ya maji ya pampu ya Broad Street. Kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, anakataa kabisa, anaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa maji gani, ili aonyeshe kuwa daktari amekosea. Akafika namba 40. Humo mtoto mchanga aliharisha mpaka akafa. Mama yake alikuwa akisuuza nepi kwenye ndoo, na yale maji akiyamwaga kwenye shimo la choo la nyumba hiyo. Shimo likafukuliwa: matofali yamelegea, uchafu unavuja, na kisima cha pampu kiko chini ya mita moja kutoka hapo! Waliokufa walizidi 600. Mama wa watu alikuwa anafanya usafi tu. Shimo ndilo lililokuwa bovu.

Whitehead akaandika ripoti, akakubali kuwa daktari alisema kweli. Huyo ndiye mchungaji. Wabunge, wao, walisubiri hadi 1858, uvundo wa mto Thames ulipowafuata ndani ya ukumbi wao. Ndipo fedha za mifereji ya majitaka ya mhandisi Joseph Bazalgette zikapatikana chapuchapu.

Nanyi wazee wa kanisa mnaochangisha vigae vya madhabahuni na vipaza sauti, choo cha waumini kikoje? Mlango unafungika? Bibi mwenye fimbo anaweza kuingia na kutoka salama? Jumamosi hii, kabla ya mazoezi ya kwaya, chukueni tochi mkalimulike shimo. Limejaa? Iteni gari la majitaka. Liko karibu na kisima? Chimbeni jingine mbali, la zamani mlifukie. Tundikeni kibuyu chirizi, wekeni sabuni. Na mchungaji atangulie, jembe mkononi!