Nguo ya Idi na Deni Lake

Ramadhani inapoingia kumi lake la mwisho, mji wetu hubadilika sura. Mchana watu wamefunga, na usiku misikiti imejaa. Walakini baina ya tarawehe na daku watu wana shughuli nyingine ambayo hatukuamrishwa, nayo ni kuzunguka madukani. Mafundi cherehani hawalali. Wanunuzi wa vitambaa, kofia na viatu husongamana vichochoroni hata mtu hupita kwa ubavu. Hatusemi kwamba kununua nguo ni haramu. Lakini mwaka huu tumeulizwa swali juu ya jambo hili ambalo halijatutoka moyoni, nasi twaona yafaa tuliandike, ili ndugu zetu walifikiri pamoja nasi.

Usiku mmoja wa kumi hilo, baada ya darasa, alitujia mtu wa mtaani kwetu, mchukuzi, mwenye mke na watoto watano. Akasema: "Masheikh zangu, kazi mwezi huu ni haba. Chakula cha Idi ninacho, na ziada kidogo. Nguo za watoto sina. Kwenye simu yangu naweza kukopeshwa sasa hivi, lakini nitarudisha pamoja na nyongeza. Mwaka jana nalikopa vivyo hivyo, na deni halikwisha ila Mfunguo Sita. Je, yafaa?"

Tukamjibu pale pale kwamba haifai; nyongeza ile ni riba, na riba imeharimishwa kwa nassi ya Kurani. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Kisha akasema kwa adabu: "Nimesikia na nimekubali. Nami nawauliza: watoto wenu nyinyi watavaa nini?" Akatoa salamu, akenda zake.

Jibu letu lilikuwa sahihi, wala haturudi nyuma. Aya za riba katika Suratul-Bakara hazina kificho. Na hata deni lisilo na riba si jambo la mchezo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba lililetwa jeneza mbele ya Mtume s.a.w., akauliza kama maiti yule ana deni. Alipoambiwa kwamba analo na hakuacha cha kulilipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao. Hata Abu Katada alipochukua dhamana ya deni lile, ndipo Mtume akamsalia. Basi mtu atajifunga mzigo kama huo kwa ajili ya kanzu ya siku moja?

Lakini jibu lililo sahihi huenda likawa si jibu zima. Tulimwambia mtu yule asichukue. Hatukujiuliza ni nani aliyemfikisha mahali pa kuchukua. Hilo ndilo swali lake kwetu, na yapasa tulijibu kwa insafu.

Kwanza tutazame sheria imemtaka nini. Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, na katika mwaka huo huo Waislamu wa Madina walisali Idi yao ya kwanza. Siku hiyo tuliamrishwa takbiri, sala, na zaka ya fitri. Ni sunna kuoga, kujitia manukato, kula tende kabla ya kutoka, na kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Ama mavazi, Ibnu Umar alikuwa akivaa nguo yake iliyo nzuri kupita zote; nzuri katika zile alizo nazo, haikushurutishwa kuwa mpya. Na babake, Sayyidna Umar, alipoona joho la hariri sokoni akamshauri Mtume s.a.w. alinunue ajipambe nalo kwa Idi na kwa wajumbe, Mtume alilikataa kwa kuwa ni hariri, hakukataza kujipamba.

Jambo moja tu ndilo lililofanywa wajibu katika mali siku hiyo, nalo ni fitri: pishi moja ya chakula cha mji kwa kila nafsi, mdogo kwa mkubwa, mwanamume kwa mwanamke. Tazameni hekima yake. Kwa madhhabu yetu ya Imamu Shafi, haikuwekewa tajiri peke yake. Mwenye ziada juu ya chakula chake na cha walio juu yake kwa usiku na mchana wa Idi, baada ya mavazi na makazi yanayomstahiki, yampasa kutoa. Basi mchukuzi yule aliyesimama mbele yetu na chakula chake na ziada kidogo, huenda kwa hisabu ya sheria akawa miongoni mwa watoaji. Kwa hisabu yetu sisi, amekuwa miongoni mwa wanaoona haya.

Ni nani aliyemtoa katika safu ile akamtia katika hii? Si Kurani wala Hadithi. Ni macho yetu. Asubuhi ya Idi mtoto hatuulizi amefunga ngapi. Twamuuliza ameshonewa ngapi. Watoto nao wameshika mafunzo: huhesabiana nguo ya siku ya mosi, ya siku ya pili na ya siku ya tatu. Wakenda kupokea mkono wa Idi, aliyevaa vizuri hupewa kwa tabasamu, na aliyevaa ya mwaka juzi hupewa kama aombaye. Kuna mama anayemzuia mwanawe ndani mpaka adhuhuri, asionekane. Kuna baba anayesali safu ya nyuma na kuondoka kabla watu hawajapeana mikono. Mambo haya twayajua sote, lakini hatuyasemi.

Huenda msomaji akasema: "Je, mwataka tusiwavike watoto wetu, na hali Mwenyezi Mungu amehalalisha pambo?" Twajibu: hasha. Katika Suratul-Aaraf tumeamrishwa tujipambe, tule na tunywe, wala tusipite kiasi. Idi ni siku ya furaha, hata kufunga siku hiyo ni haramu. Vijana wawili wa kike waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume s.a.w. akamwambia awaache. Dini si kukunja uso, wala hatutaki Idi ya huzuni. Ila uhalali wa kitu haumwondolei mtu dhima ya yale anayoyaleta kwa kukitumia kwake.

Mwingine atasema: "Mtu hujikuna ajipatapo. Mwenye kukopa ndiye mkosa. Na awe na subira." Methali hii ni kweli, nasi twaipenda kuwasomea maskini. Lakini ni nyepesi mdomoni mwa mwenye mkono mrefu. Tena, anayetakiwa subira hapa si yule baba peke yake. Ni mtoto wa miaka sita, ambaye hajui kadiri ya mali wala maana ya riba, na anachokijua ni kwamba wenziwe wa mlango wa pili wamevaa naye hakuvaa. Baba yaweza kumpasa ayashinde machozi yale. Sisi hatuna ruhusa ya kuyasababisha kisha tukamhukumu.

Katika mji huu wa Mombasa, tangu marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, wapendao islahi wamekuwa wakisema juu ya desturi zinazowaangamiza watu. Twaogopa kwamba sisi tuliokuja nyuma tumelishika nusu ya jambo. Tumemkataza anayefuata desturi kwa deni, tukamnyamazia anayeiweka kwa fedha taslimu. Kwani huyu wa pili ni sahibu yetu, au ni sisi wenyewe.

Basi matayarisho ya Idi ni yapi? Twaona ni mambo matatu, wala hakuna lililo gumu.

La kwanza, fitri itoke mapema. Ni bora itolewe kabla ya sala ya Idi, lakini kwa madhhabu yetu yajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Desturi yetu ni kungoja usiku wa mwisho, wakati ambapo maskini amekwisha kopa. Mchele ukimfikia siku kumi kabla, fedha aliyoiweka kwa mchele hupata kuwa ya kitambaa.

La pili, aliyenuia kumshonea mwanawe nguo tatu, na amshonee moja iliyo nzuri, na thamani ya mbili impe jirani. Aipeleke usiku, kwa siri, wala watoto wasijue. Na ikiwezekana fundi akate katika jora moja, ili asubuhi uwanjani pasiwe na wa kutambua nguo ya aliyetoa na ya aliyepewa.

La tatu, kila mtaa uwe na sanduku la kukopesha bila nyongeza. Ni aibu kwetu kumwambia mtu mlango huu ni haramu na hali hatukumfungulia ulio halali.

Tumeanza na nafsi zetu. Tulichangishana, tukamwendea mchukuzi yule nyumbani kwake tukamwambia hii ni sadaka. Akaikataa. Akasema: "Mimi si maskini, chakula ninacho. Niandikieni kuwa ni deni lisilo nyongeza, nami nitalipa kidogo kidogo." Tukamwandikia. Usiku wa kuandama mwezi, mlango wetu ukagongwa. Alikuwa yeye, amebeba mfuko begani. Akautua na kusema: "Pishi saba. Yangu, ya mamao watoto, na ya watoto. Nifikishieni kwa wanaostahiki."

Tukaupokea. Sisi tuliodhani tumekwenda kumsaidia mhitaji, tulikuwa tumemrudisha mtu mahali pake tu, pale sheria ilipokuwa imemweka tangu mwanzo.

Ndugu zetu, mwezi wa kufunga umetufundisha njaa ya mwenzetu kwa matumbo yetu. Isiwe siku ya kufungua ndiyo siku ya kuisahau. Tumwombe Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, na aifanye Idi yetu kuwa Idi ya kila nyumba katika mji huu. Wabillahi taufiki.