Kwa nini mtu anawaza kuacha kazi yake?

Wakubwa wa kazi wananung'unika: "Watu hawatulii. Leo wako hapa, kesho wamekwenda." Wengine wanasema ni uvivu, wengine tamaa ya fedha. Tuipime hukumu hiyo.

Katika Katanga jambo hili ni la zamani. Kompani ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta watu toka mbali kwa mapatano ya miezi michache. Wengi waliugua wakafa, wengine walitoroka. Toka mwaka 1928 hivi ikageuza njia: mapatano ya miaka mitatu, nyumba ya kukaa na mke na watoto, posho, hospitali, shule. Watu wakatulia. Nani atashangaa? Mtu ambaye mtoto wake anashiba hafungi mizigo upesi.

Lakini kukaa si kuridhika. Mwezi wa Desemba 1941 watu hao hao wenye nyumba na posho waligoma, maana vitu vilipanda bei wakati wa vita na mshahara haukutosha. Pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Tukumbuke tena kwamba aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Basi mkubwa anayehesabu tu waliobaki hajajua bado mioyo yao.

Tutazame na upande wa pili. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo mwaka 1967, ilifika kukaa miezi mingi bila kulipa, na watu bado walikwenda kazini. Walingoja deni lao, ni kweli. Lakini fundi anayejua mashine yake kwa mlio tu, aliyefundisha vijana, ana kitu pale kisichohesabiwa kwa franka. Upendo huo ni mzuri, na ni rahisi kuutumia vibaya: "Anapenda kazi, atavumilia." Walimu na wauguzi wanalijua neno hilo!

Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 walipokea fedha wakatoka. Jambo hilo liliitwa kuondoka kwa hiari. Jina hilo linatusumbua. Mwenye hiari ana njia mbili mbele yake. Asiye na unga nyumbani, ya pili ni ipi?

Kwa hiyo mkubwa akiona mtu wake amenyamaza, amwulize kwanza: Unalala? Mnakula? Ni nani aliyekushukuru mwaka huu? Na mtu mwenyewe ajiulize kama amechoka na kazi, ama na kapita wake tu. Mara nyingi ni kapita, na kumhamisha mtu kwa kapita mwingine hakugharimu kitu.