Subira na Mizani

Aghalabu tunapomsifu mtu kwa subira husema kwamba hakutikisika, kana kwamba nafsi njema ni jiwe. Nami nilikuwa na itikadi hiyo mpaka nilipoitafakari namna lami inavyoweza kupimwa kabla ya kutandazwa katika barabara kama ile itokayo Kidatu kuja Ifakara, ambayo hukanyagwa na malori ya mpunga na ya miwa, mchana wa jua kali, katika bonde lisilokosa joto wala mafuriko.

Mpimaji hutwaa kipande cha lami chenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 1, akakibana kati ya visahani viwili vya chuma, akakipasha joto kadiri ya joto la barabara wakati wa jua, kisha mashine hukisokota kwa sekunde 1 na kukiacha kipumzike sekunde 9, tena na tena, kwanza kwa nguvu ndogo, halafu kwa nguvu iliyo mara 32 ya ile ya awali. Haulizi kama lami imepindika, maana kila kiumbe hupindika. Huuliza ni kiasi gani kilichorejea, na ni kiasi gani kilichobaki. Mabaki hayo, yakilimbikana gari baada ya gari, ndiyo ile mifereji ya magurudumu ambamo maji ya mvua hutuama.

Basi subira, kwa nionavyo, ni kurejea, na kurejea kwataka muda. Mtazame hamali wa Ifakara aliyebeba lumbesa, gunia lililojazwa hata likavikwa kilemba: akiisha kulitua, mgongo hunyooka polepole, pumzi ikamrudia. Mwongezee jingine kabla pumzi haijarudi, siku baada ya siku, na mgongo ule hautanyooka tena. Je, tumlaumu kwa uhaba wa imani?

Lawama ni ya mpakiaji. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960, yalidhihirisha kwamba madhara hukua upesi kuliko uzito: ekseli ya tani 12 huidhuru barabara takriban maradufu ya ile ya tani 10. Kwa sababu hiyo serikali imeweka mizani njiani, na neno lilo hilo ndilo tulilofundishwa kuhusu Siku ya Hesabu. Mola aijua kadiri ya kila nafsi. Sisi waja hatuijui. Madhali hatuijui, yatupasa, kabla ya kumhubiria mwenzetu subira, tuupime kwanza mzigo tuliomtwika, kisha tumwachie zile sekunde tisa.