Upweke wa Nani?

Mdondo uliua wenzake wote, akabaki yeye. Nikamwonea huruma, nikamhamishia chumbani kwangu, Sinza. Sasa hulala ubavuni mwa paka, na wageni hupiga picha: "Wanapendana hawa!"

Sina hakika. Mwaka 1922 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana: kila mmoja anajua nani wa kumdonoa na nani wa kumpisha. Wangu hana wa kumdonoa wala wa kumpisha. Akitaga hutetea weee, paka hata sikio hageuzi.

Mama aliniambia, "Mtafutie mwenzake, mwanangu." Miezi mitatu sasa napiga kalenda. Maana akimpata, hatanifuata tena hadi jikoni. Basi humu ndani ninafuga kuku, au ninafuga upweke wangu?