Kaa Karibu, Kalamu Mwachie

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa pwani ya Lamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Kabla ya usia wenyewe, alimtaka asogee karibu na achukue wino na karatasi. Mama yupo ubavuni, kalamu iko mkononi mwa mwana. Leo nina neno na wazazi wenzangu na wanetu kuhusu kazi za shule zinazofanywa nyumbani, na karibu yote nitakayosema yamo katika mkao ule.

Mzazi mwenzangu, kwanza mpe mwanao saa. Akirudi shule avue sare, ale, acheze, aende chuoni ikiwa ni siku ya chuo. Ikishaswaliwa magharibi, au vyombo vya chakula vikishaondolewa, daftari lifunguliwe. Leo ikiwa saa moja usiku, kesho saa tatu, keshokutwa alfajiri gari la shule likipiga honi mlangoni, utakuwa umemfundisha kwamba kazi hii ni ya kubahatisha. Kama kwenu umeme hukatika, taa ya sola ichajiwe tangu mchana.

Pili, mpe mahali. Mkeka unatosha, mradi televisheni izimwe na simu iwekwe mbali, ukianza na yako. Na ikiwa una binti, mtazame kwa jicho la haki. Nyumba nyingi kaka hukaa na kitabu huku dada akisugua masufuria, kisha matokeo yakitoka tunasema binti hana akili. Gawa kazi za nyumbani, ili saa ya kusoma iwakute wote wawili mikono ikiwa mitupu.

Tatu, kaa karibu, lakini usimfanyie. Nalisema hili kwa uchungu, maana nililikosea. Mwanangu alipokuwa darasa la tano nilirudi kazini nimechoka, nikamkuta anahangaika na hesabu za sehemu. Nikamtajia majibu, akaandika, tukalala. Kesho yake daftari lilijaa vema. Wiki iliyofuata ukaja mtihani, naye akaandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Zile vema zilikuwa zangu.

Jioni ile nilichukua chapati, nikaikata vipande sita vilivyo sawa. "Nipe nusu," nikamwambia. Akasogeza vitatu. "Ongeza theluthi." Akafikiri, akaongeza viwili. "Sasa ni vingapi?" Vitano kati ya sita. Nikamwonyesha lile jibu lake: "Hii 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ndogo?" Alikaa kimya muda mrefu, nami nikajizuia nisiseme. Mwishowe akasema, "Ndogo, baba. Nimeongeza, halafu ikapungua!" Akafuta mwenyewe. Msaada wa mzazi ndio huo: swali jema, na subira ya kungoja jibu.

Nne, usijitoe kwa kuwa hukusoma sana. Hapa Tanzania, mtoto wa shule ya serikali aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi hufika kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mzazi usiyekijua unaweza kumwambia: "Nieleze kwa Kiswahili ulichokielewa." Akikwama, amepajua pa kurudia. Na kazi zikiwa nyingi hata mtoto anasinzia juu ya daftari, nenda ukazungumze na mwalimu kwa adabu. Usimsengenye mbele ya mtoto, kwa kuwa asiyemheshimu mwalimu hapokei somo lake.

Nawe mwanangu mwanafunzi, sikiliza. Usitoke darasani kabla hujanakili swali lote. Wengi hukwama usiku kwa swali waliloliandika nusu. Ianze kazi siku ile ile uliyopewa. Mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu zake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba tunasahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo baada ya kujifunza. Kurudia jioni ni kuliwahi somo kabla halijapotea. Anza na lile gumu, akili ikingali na nguvu. Usinakili daftari la mwenzako asubuhi, kwani umemdanganya mwalimu na umejinyima mwenyewe. Usipoelewa uliza, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukimaliza, panga begi usiku huo huo, kisha ulale mapema.

Wazazi wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Ipo siku mtoto atakaa katika chumba cha mtihani, na wewe hutaruhusiwa kuvuka mlango ule. Ataingia na yale aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, jioni baada ya jioni, nawe ukiwa ubavuni. Basi leo magharibi, tandika mkeka.